Maana ya Maneno: "Quick" ya Kale

Wasomaji wetu wengi walijua neno la Kiingereza "quick" kuwa maana yake ni upesi. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, wala si uongo. Lakini katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 neno hilo limewekwa pamoja na wafu, pale inaposimuliwa hukumu ya mwisho. Karani mmoja, rafiki yangu, alipafasiri mahali hapo mbele ya watu akasema, "Watahukumiwa wenye mbio pamoja na wafu." Bibi mmoja aliyekuwa kiwete akauliza kwa huzuni, "Je, mwanangu, sisi tusioweza kukimbia tumesahauliwa?" Karani akakosa jibu.

Kumbe neno hilo lina asili nyingine. Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza waliliandika "cwic", na maana yake ilikuwa "hai". Ni ndugu wa "vivus" la Kilatini, lenye maana iyo hiyo. Basi wanaotajwa pamoja na wafu ni walio hai, wenye mbio na viwete pia. Lakini kilicho hai hutikisika, na mwenye uhai mwingi huenda kwa haraka. Hivyo maana ikahama kidogo kidogo hata ikafika kwenye upesi.

Maana ya kale haikutoweka kabisa. Zebaki huitwa "quicksilver", yaani fedha iliyo hai, kwa kuwa hukimbiakimbia kama kiumbe. Nyama laini iliyo chini ya ukucha huitwa "quick", maana yenyewe huuma, na ncha ya ukucha haiumi. Na mkulima akisoma habari za ua wa "quickset", asidhani ni ua unaomea upesi. Ni ua wa miche iliyo hai, si wa fito zilizokauka.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi twasema "yu mzima" kwa aliye hai, "mtu mzima" kwa aliyepevuka, na "siku nzima" kwa siku isiyopungua. Mgeni ajuaye maana moja tu atapotea vivyo hivyo.

Basi, ndugu msomaji, ukiona neno ulijualo halipatani na jirani zake, fungua kamusi kwanza, kisha ndipo uwafasirie wenzako. Rafiki yangu alifanya hivyo, na Jumapili iliyofuata akasimama akasahihisha kosa lake mbele ya bibi yule. Kuuliza si ujinga.