Chuma ni ya Wote, Mwili ni wa Mwenyewe: Tabia za Jimu Zinazochosha, na Ile Moja Yenye Faini

Wasee, tuongee ukweli. Kama unapiga tizi jimu yoyote hapa Nairobi, unajua vile kunakaa saa kumi na mbili jioni. Watu wametoka job, benchi ni mbili, dambeli za kilo 10 zimepotea, na kuna buda amekalia mashine ya miguu robo saa akipitia TikTok. Ukimuuliza kama amemaliza anakushow, "Bado seti tatu." Seti tatu za nini, za kidole?

Kila mtu ako na listi yake ya tabia mbaya za jimu. Lakini hazilingani uzito. Kuna zile za kuudhi tu, kuna zile za kuumiza, na kuna moja ambayo hapa Kenya imeshafika kwa sheria. Wacha tuzipange.

Zile za kuudhi

Ya kwanza ni mwenye hapangusi jasho. Anatoka kwa benchi ameacha ramani ya Kenya hapo juu, kaunti zote 47, halafu anaenda zake akipiga mluzi. Kulalamika hapa si maringo. Mashilingi na magonjwa mengine ya ngozi hupenda mahali kama hapo: pana joto, pana unyevu, na pameguswa na watu wengi. Kitaulo kidogo utapata Gikosh kwa bei ya lunch ya kibandaski.

Ya pili ni mwenye harudishi vyuma. Baa pekee, ile kubwa, ni kilo 20. Ukiiacha na vyuma viwili vya kilo 20 kila upande, hizo ni kilo 100 umeachia mtu mwingine. Na anayekufuata anaweza kuwa mathe amejifungua miezi michache iliyopita, anataka kubeba baa tupu. Ama ni mzee ametumwa na daktari juu ya presha. Akitoa vyuma vyote vya upande mmoja kwanza, baa inapinduka, inaangukia mtu.

Ya tatu ni simu kwa spika. Jimu nzima sasa inajua shemeji yako hajarudisha pesa ya chama. Pole, lakini hatukuuliza.

Walimu wa bure

Halafu kuna mwalimu hajaajiriwa na mtu. Dem amevaa hedifoni kubwa, maana yake ni kwamba mlango umefungwa. Buda bado anakuja, anamfanyia ishara azitoe, anaanza kumfundisha vile squat inafaa kukaa, mkono tayari uko kwa kiuno cha mwenyewe. Cha ajabu ni kwamba hatua mbili kutoka hapo kuna jamaa mgongo umepinda kama ndizi akiinua chuma, na huyo hafundishwi na mtu.

Kama baa imemlalia mtu kifuani, kimbia umsaidie, usingoje ruhusa. Kwa mengine yote, uliza kwanza. Akisema hapana, hiyo ni hapana.

Adabu iko wapi?

Ukitaka kuona adabu, enda jimu ya mtaa. Zile za mabati, vyuma ni mikebe ya rangi imejazwa simiti, unalipa hamsini ama soo unaingia. Benchi ni moja na wasee ni kumi. Hapo huwezi kalia benchi ukicheza na simu, juu utashushwa na watu tisa. Mmoja akiamka mwingine analala, na mwenye hajafikiwa na zamu anashika baa isimwangukie mwenzake.

Si eti watu wa mtaa ni malaika. Ni kwa sababu wanajuana. Msee umemkatia zamu leo ndiye atakuuzia mayai kesho, na mamake anamjua mamako. Kwa jimu ya mjini kila mtu amelipia mwezi wake, ameziba masikio, na hajui jina la mtu wanaangalia kioo kimoja kila siku. Mtu usiyemjua ni rahisi kumkosea. Pia ni rahisi kumgeuza kontenti.

Kamera

Sasa tufike kwa ile yenyewe. Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliweka Kenya juu kabisa kwa matumizi ya TikTok kati ya nchi walizopima: asilimia 54 ya waliohojiwa hapa walisema wanaitumia. Kwa hivyo usishangae jimu imekuwa studio. Msee anaegemeza simu kwa chupa ya maji, anajirekodi akibeba. Nyuma yake kuna mathe kwa mashine ya kukimbia, tisheti imelowa, pumzi zimeisha. Hajui amerekodiwa. Usiku video iko nje, na komenti haziongelei mabega ya mwenye video. Wengine hata hawajifichi: wanalenga mtu mnono ama mgeni anayekosea, wanaweka emoji za kucheka, kwisha.

Angalia ni nani anapoteza. Huyo mathe pengine alichukua miezi kujipa moyo kuja. WHO inasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki, na yeye alikuwa ndio ameanza kuzitafuta. Akiona hiyo video, harudi. Mwili wenye ulihitaji jimu kuliko wote ndio umefukuzwa, na wenye wamebaki ni wale tumbo tayari liko vipande sita.

Marekani walipitia hii kitambo. Mwaka wa 2016 Dani Mathers, mwanamitindo wa Playboy, alipiga picha mwanamke wa miaka 70 akiwa uchi kwa bafu ya jimu Los Angeles, akaiweka Snapchat kumcheka. Mwaka uliofuata hakupinga shtaka la kuingilia faragha, na korti ikampa siku 30 za kufuta michoro kwa kuta za mji na miaka 3 ya uangalizi.

Hapa kwetu, Katiba ya 2010 kifungu cha 31 inalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inachukulia picha yenye unatambulika kama data yako. Hiyo si karatasi ya kupamba ofisi. Septemba 2023, Kamishna wa Data alipiga Casa Vera Lounge ya Ngong Road faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Na hiyo ni klabu, mahali watu huvaa vizuri waonekane. Sasa fikiria jimu, mahali umekuja na tisheti ya zamani, uso umekunjika, na unataka kuachwa tu.

Sheria inaachilia matumizi ya kibinafsi na ya nyumbani. Ukijirekodi uangalie fomu yako kejani, hakuna shida. Lakini jimu ikiweka sura yako kwa ukurasa wake kuvutia wateja, ama kocha akikutumia kutafuta kazi, hiyo ni biashara, na lazima ukubali kwanza. Kwa hivyo ukipewa fomu ya kujiunga, soma sehemu ya picha kabla ya kutia sahihi.

Siwaambii makocha wafunge akaunti. Ukurasa ndio ofisi yao siku hizi, na bila video hakuna wateja. Lakini mambo ni rahisi tu: elekeza kamera kwa ukuta, waambie walio karibu kwamba unarekodi, na mtu akitokea kwa video mkate ama umfiche uso. Kwa bafu na chumba cha kubadilisha nguo, simu inakaa kwa begi. Hapo hakuna mjadala. Na nyinyi wenye jimu, bango moja mlangoni na mfanyakazi mwenye anaweza kusema "buda, zima hiyo" vitasaidia kuliko vioo vipya.

Kama umerekodiwa, muulize mhusika aifute, kwa upole. Akikataa, ongea na wasimamizi. Kabla video haijapotea, piga skrini na uhifadhi linki na tarehe. Halafu peleka malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC. Sheria inawapa siku 90 kuchunguza na kumaliza.

Ukweli ni kwamba ile pesa ya kila mwezi inakupa haki ya kutumia chuma, na hiyo chuma ni ya wote. Mwili wa mtu mwingine haukuwa kwa bei. Jioni ukienda tizi, panguza benchi, rudisha vyuma, na kabla hujabonyeza kurekodi, geuka kwanza uone nyuma yako kuna nani.