Kijana Akikataa Kazi ya Kamari, Sisi Tumempa Ipi?

Kwa muda sasa hapa kwetu Shika Adabu pamezuka ubishi usiokwisha barazani, na maadamu kila mtu ameshatoa hukumu yake, nami naona si vibaya nikatoa yangu, ijapokuwa mimi si mufti wala si fundi wa kompyuta. Ubishi wenyewe wahusu kijana mmoja wa mtaani aliyesomea teknolojia ya habari akapata stashahada yake, akatafuta kazi bora kwa zaidi ya miaka miwili, na alipoipata akaikataa.

Kazi hiyo ilikuwa Nairobi, katika kampuni moja ya michezo ya kubahatisha, hii ambayo watu hubashiri kwa simu ni timu gani itakayofunga na ipi itakayofungwa. Angekuwa miongoni mwa waandishi wa programu za kampuni. Mshahara aliotajiwa ulikuwa mara tano ya anachokipata sasa. Na anachokipata sasa ni kidogo, kwani yeye ni mtu wa saiba. Kutwa yuko mbele ya mashine akiwajazia watu fomu: huyu ataka pasipoti, yule ataka namba ya kodi, bibi huyu ataka cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, na mwanafunzi yule ataka mkopo wa chuo kikuu. Zikipungua fomu, hutengeneza simu zilizovunjika vioo. Ni kazi ya halali na watu wamwombea kheri, lakini mtu aliyefundishwa kuijenga programu tangu msingi hata paa, kumfanya karani wa kujaza fomu ni sawa na kumchukua fundi wa majahazi ukampa kazi ya kufua maji ya ngama.

Barazani maneno yakawa mengi. Wako waliosema mchagua jembe si mkulima. Wako waliosema kompyuta haijui kamari wala haijui sadaka, na kwamba kazi ya kijana ingekuwa kuandika tarakimu tu, dhambi wangeibeba wenye kampuni. Mzee mmoja nimheshimuye sana alimwuliza babake kijana, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mwanao huyu amekuwa sheikh tangu lini?" Upande wa pili imamu amemsifu, na akina mama wamemwombea dua.

Nilimwendea mwenyewe pale saiba nikamwuliza ni kitu gani kilichompa moyo wa kukataa. Hakunisomea aya. Aliniambia, "Ami, wateja wao nawajua. Ndio hawa hawa ninaowajazia fomu hapa."

Mimi niko pamoja na waliomsifu, na sababu yangu ni hii. Kamari imetajwa katika Suratul Maida sambamba na ulevi, na juu ya ulevi tunayo hadithi mashuhuri inayowahesabu watu kumi wanaoshiriki dhambi yake, tangu anayeukamua hata anayeubeba na anayeununua. Basi tuitazame kampuni ya kubashiri kwa simu. Haina meza, haina karata, haina dadu. Ni programu tupu. Mteja hutuma fedha, programu huzipokea. Programu hupanga nani atalipwa kiasi gani. Programu humwambia umeliwa, jaribu tena. Iondoe programu uone kama patabaki hata kiti. Mfagiaji wa ofisi ile aweza kusema kwamba yeye alifagia tu. Ama mwandishi wa programu, huyo ndiye mkamuaji zabibu hasa. Sisemi kwamba hii ni fatwa. Masheikh wapo na waulizwe. Nasema kwamba kijana amepima kwa mizani iliyo sawa.

Na hata kwa mizani ya dunia hakukosea sana. Mwaka 2019, Serikali ilipokataa kuzipa leseni upya kampuni kadhaa za kubashiri, mbili kubwa miongoni mwao zilifunga shughuli zao, na wafanyakazi, walioandika programu na wasioandika, wakaenda nyumbani.

Wako wanaosema, mbona Nairobi ziko kazi nyingine za kompyuta? Ziko, lakini si zote zilivyo kwa jina ndivyo zilivyo kwa ndani. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifungua mashtaka Nairobi juu ya kazi aliyoifanya huko ya kuisafisha Facebook, na mwaka 2023 wenziwe zaidi ya 180 wakafuata na kesi yao. Kazi yao ilikuwa kutazama kutwa picha za mauaji na uchafu wa kila namna ili zisituharibie macho sisi wengine. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba kesi hizo zaweza kusikizwa hapa hapa Kenya. Kazi ile nayo huhesabiwa katika teknolojia ya habari. Kijana huketi mbele ya kompyuta, ni kweli, lakini akitoka hatoki na ufundi. Hutoka na jinamizi. Ama Dubai na Doha, waliofanikiwa tunawajua, na waliorudi mikono mitupu tunawajua pia.

Hapa sasa ndipo ninapoachana na wenzangu waliomsifu kijana. Dua imeombwa, imamu ameshuka mimbarini, watu wameitikia amin, na asubuhi yake kijana amerudi saiba kubandua vioo vya simu. Hapana hata mmoja aliyemwuliza, haya, baada ya kukataa utakula nini? Tumemtaka aikatae haramu, na halali iliyo mikononi mwetu tumeikalia.

Na isemwe wazi iko mikononi mwa nani. Waislamu wa Mombasa wana maofisi ya kutoa mizigo bandarini. Wana vituo vya petroli, mabasi, mahospitali, mashule, maduka ya vipuri, mabohari ya mchele na sukari. Karibu kila moja ya biashara hizi leo yategemea programu ya hesabu au ya akiba ya mali, na aghlabu programu hiyo imenunuliwa Nairobi au Bara Hindi. Ikikwama, tajiri hupiga simu, hungoja siku mbili tatu, na wateja wamesimama mlangoni. Nawajua wengine ambao mashine wanayo lakini madeni bado wayaandika katika daftari, na daftari likilowa, deni nalo limekufa. Mwambie tajiri kama huyo amchukue kijana wa Likoni amtengenezee mambo yake. Atakujibu kama tangazo la gazetini: ana uzoefu wa miaka mingapi?

Uzoefu! Nilipopelekwa chuoni, mwalimu wangu hakuniuliza nina uzoefu wa miaka mingapi wa alifu na bee. Alinipa ubao na wino, akanikalisha karibu na mkubwa wangu, na mkubwa wangu akanisikiliza kabla ya mwalimu kunisikiliza. Seremala alifanya vivyo hivyo na mwanagenzi wake, na fundi wa majahazi pia. Mwanagenzi alianza kwa kushika taa na kuokota misumari, akamaliza kwa kupiga mbao za chombo mwenyewe. Mji mzima huu ulijengwa na watu walioanza bila ya uzoefu. Vipi basi ufundi huu mmoja, wa kompyuta, tuutake uzaliwe umekwisha kukomaa?

Na mtu asidhani kwamba programu kubwa lazima itoke Ulaya. Mwaka 2005 forodha ya Kenya ilianza kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, ambao kila wakala wa mizigo hapa Mombasa alilazimika kuujua. Mfumo ule asili yake ni Senegali. Huko uliitwa Gaïnde, na gaïnde kwa Kiwolofu ni simba. Wasenegali, watu wa bandari kama sisi na wengi wao Waislamu kama sisi, walikaa wakaitengenezea forodha yao programu kwa mahitaji yao, kisha wakawa na kitu cha kuwauzia wengine. Sisi tunaoishi kando ya bandari kubwa kuliko zote katika Afrika ya Mashariki tulikuwa wanunuzi. Kila nikilikumbuka jambo hili huona haya, na sidhani kwamba haya hizo ni zangu peke yangu.

Njia nayo twaipata mlangoni. Juni 2009 waya wa TEAMS uliwasili Mombasa kutoka Fujairah, pwani ya Imarati, ukipita chini ya bahari ile ile ambayo manahodha waliivuka juu kwa pepo za kaskazi. Mwezi uliofuata ukaanza kazi waya wa SEACOM, na mwaka 2010 ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya Kenya yalipitia setilaiti, kwa bei ya kumtoa mtu machozi. Mgeni njoo, mwenyeji apone; wageni hawa wa chini ya maji walishuka kwetu, na mwenyeji aliyepona zaidi ni Nairobi, aliye mbali na bahari kilomita karibu 500. Najua Serikali ina sehemu yake katika hilo, na yameshaandikwa mengi juu ya Pwani kuachwa nyuma. Siyakanushi. Lakini Serikali haikutukataza kumwajiri jirani yetu.

Wazee wetu walikuwa na mkono mwepesi zaidi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho vijana wetu wengi husomea hii teknolojia ya habari, kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Fedha za kukijenga zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa Mabohora, na kwa serikali ya kikoloni. Shabaha yao ilikuwa Muislamu wa pwani apate ufundi wa mkono, si elimu ya karatasi peke yake. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa kwa watu wote, na ikawa vyema, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Karibu na siku zetu, wafanyabiashara walipochoka kulalamikia riba hawakuishia kwenye mihadhara. Mwaka 2008 yalifunguliwa mabenki mawili ya Kiislamu hapa Kenya, Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa yaitwa Premier Bank. Waliosema riba hawaitaki walijenga mahali pa kuweka fedha bila ya riba. Sasa na sisi tusemao kamari hatuitaki, tumemjengea nini huyu mwandishi wa programu?

Rai yangu si kubwa. Kila tajiri mwenye ofisi na amchukue kijana mmoja kwa miaka miwili, amlipe nauli ya matatu na kitu cha kula, amwoneshe mambo ya biashara yake yalivyo hasa, kisha amwachie amjaribie. Asiye na ofisi na ana mali, wakf upo. Tumezoea kuweka wakf wa msikiti, wa kisima na wa makaburi. Sioni kitu kinachozuia nyumba moja ya kupangisha pale Likoni iwekwe wakf, kodi yake ikawalipa mafundi wazima wanne watano wa kuwafunza wanagenzi kompyuta. Wanazuoni watajua namna ya kuiandika.

Watoto wa kike nawataja mbali, maana wao wana shida yao. Kazi ya programu yaweza kufanywa nyumbani, mtu na heshima yake, bila ya kuvuka feri usiku, na wazazi wengi wangeiridhia kuliko kazi yoyote nyingine. Lakini msichana akikaa mbele ya kompyuta saa nzima, mamake humwona anacheza, humtuma dukani mara tatu. Kaka yake akikaa na simu akitazama mpira hatumwi.

Na vijana nao wasikie. Cheti hakimwoneshi mtu unajua nini. Anayetafuta kazi bora naye awe na kitu alichokitengeneza akiweza kukiweka mezani, hata kama ni programu ndogo ya hesabu za chama cha mazishi. Kijana wetu wa saiba anayo moja ya namna hiyo. Ameiandika usiku, baada ya fomu.

Tajiri mmoja wa vipuri, niliyemweleza rai hii juzi, hakuipinga. Alisema kwamba hofu yake ni moja: kijana akishajua, atahama aende kwingine. Nimemwambia kwamba makarani wake wasiojua kitu nao wamekuwa wakihama, na wakihama huenda na daftari. Akacheka, kisha akauliza kama kijana aliyesoma atakubali kuanza kwa kufagia. Kwa vumbi nililoliona juu ya mashine zake, nilimjibu, kazi hiyo itachukua wiki ya kwanza yote, na hiyo ya pili waanze hesabu za madeni.