Kitabu Tulichomnyang'anya Mtoto



Sisi makapita wa shule tuko na kosa la kuungama. Trimestri iliyopita, wakati wa kusoma jioni, tulikuta mtoto wa septième anasoma kitabu chini ya meza. Tulikitwaa. Tulimwambia: hii ni kitabu ya batoto, iko na mapicha, haitakusaidia kitu. Tukakifungia mu kabati.

Siku moja umeme ukakatika. Tulikuwa wane, tukawasha mshumaa, tukakifungua kwa kucheka tu. Kilikuwa Le Petit Prince cha Antoine de Saint-Exupéry. Mmoja akasoma kwa sauti, wengine wakasikiliza. Mshumaa uliisha, hakuna aliyeondoka.

Mwandishi yule alikuwa rubani Mfaransa. Katika mwaka 1935 ndege yake ilianguka jangwani, karibu afe na kiu pamoja na mwenzake. Kitabu kilitoka New York mwaka 1943; mwaka 1944 alipotea na ndege yake katika vita. Basi, si mtu wa kuchezea maneno.

Tulibishana sana. Yeye anasema mibuyu ni miti mibaya. Mmoja wetu akakataa kabisa, maana matunda yake yanaliwa. Lakini neno lililotushika ni la mbweha, pale anapoomba mtoto amfanye rafiki. Kifaransa ni apprivoiser. Kwa Kiswahili je? Mmoja akasema: kufuga. Mwingine: hapana, kufuga ni kwa kuku na mbuzi, anayefugwa ni mali ya mtu. Mwisho tukaona ni kuzoeana, ao sawa tunavyosema hapa, kuzobeleana, juu wote wawili wanabadilika.

Hapo tukanyamaza. Tuliwaza namna tunavyokaa na wadogo wetu: filimbi, jina kwenye karatasi, azabu. Je, si kufuga ile?

Wafinaliste wenzetu watasema: Examen d'État iko karibu, hatuna wakati wa hadithi. Ni kweli, kitabu hiki hakitaleta pointi za hesabu. Lakini mtu akisoma peke yake, anaruka neno asilolijua na kuona haya kuuliza. Tukiwa wane, kila neno linapata mwenye kulitafuta. Kifaransa tulichokipata usiku ule hatujakisahau.

Tulimrudishia mtoto kitabu chake na kumwomba musamaha. Hakukasirika. Alikuwa amekisoma mara tatu! Akatuuliza: «Bakubwa, munafikiri kondoo alikula lile ua, ao hapana?» Sisi tulikuwa tumepita juu ya swali lile mbio mbio. Tangu siku ile tunabishana, na yeye pamoja nasi.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwa wakubwa wa shule: ufunguo wa kabati ya vitabu utolewe kila siku ya posho mchana, saa moja tu, wakubwa na wadogo wasome pamoja chini ya mwembe. Vitabu ni vichache, lakini kimoja kinatosha watu kumi, kama kuna mwenye kusoma kwa sauti.

Kwa makapita wenzetu: kabla ya kunyang'anya mtoto kitabu, tumuulize kwanza kinasema nini.

Kwa niaba ya makapita,
Kapita mmoja, finaliste