Behewa la Malaba Liundwe Malaba

Hoja dhidi ya mabehewa madogo mmezisikia, na zaidi katika vyumba vya walimu. Zinasema kwamba seti za plaiwudi iliyokatwa kwa leza, ambazo mtoto huunganisha vipande vyake kwa gundi mpaka apate behewa la mizigo la kushika mkononi, hazina kazi katika Kaunti ya Busia. Nimezisikiliza zote hadi mwisho. Nyinyi ndio mahakimu. Zipimeni kwa ushahidi.

Wa kwanza wanasema huu ni mchezo wa Wazungu. Kweli, treni ndogo zilianza kuuzwa Ulaya, na waunzi wengi wako huko, Marekani na Japani. Lakini asili ya kitu haiamui nani akitumie. Kama ingeamua, hata reli yenyewe, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, isingetuhusu. Isitoshe, watoto wetu wamekuwa wakiunda malori ya waya yenye magurudumu ya ndara kuukuu na usukani mrefu, bila kufundishwa na mgeni yeyote. Anayelisifu lori la waya kuwa ubunifu wa nyumbani, kisha akaliita behewa la plaiwudi ugeni, anatumia mizani mbili.

Watu haohao hugeuka wakasema: kama ni lazima, nunueni seti za nje zilizo tayari, ni bora zaidi. Ubora wake siupingi. Napinga kwamba zinatuonyesha sisi. Seti nyingi za Marekani na Ulaya ni za mabehewa ya reli yenye upana wa milimita 1,435. Reli inayopita Malaba kuingia Tororo na kufika Kampala, lilikofika garimoshi mwaka 1931, ina upana wa mita moja kamili. Katika uwiano wa 1:87, njia ya kwao huwa milimita 16.5 na yetu hutengenezewa njia ya milimita 12. Tofauti hiyo mtoto anaiona kwa macho: behewa letu huonekana pana juu ya miguu iliyokaribiana, na ndiyo sura yake halisi. Reli mpya ya SGR, ambayo ina upana huo wa milimita 1,435, ilifunguliwa hadi Nairobi 2017 na kufikishwa Naivasha 2019. Mzigo wa Uganda unaoendelea kwa reli kutoka hapo hupanda njia ya zamani. Basi seti ya kununua inatupa behewa ambalo halikuwahi kukanyaga njia hiyo ya Malaba.

Wanaohesabu fedha wanauliza: leza iko wapi Busia? Swali ni zuri, ila limeelekezwa pasipofaa. Faida kubwa ya seti ni kwamba mashine haihitaji kuwa karibu na fundi. Nairobi leza ziko: katika FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi, katika karakana ya Gearbox, na katika maduka yanayokata mabango na tuzo za shule. Kinachopelekwa ni mchoro wa kompyuta. Kinachorudi ni karatasi chache bapa za plaiwudi, ambazo husafiri kwa basi la usiku kama kifurushi kingine chochote. Kaunti haihitaji kununua mashine. Inahitaji mtu wa kupima na kuchora.

Sasa tufike penye mgongano ulio wazi kuliko yote. Upande mmoja wanasema mashine imeshafanya kazi yote, kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi kitu. Kisha wanasema kazi ni ngumu mno kwa mwanafunzi. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja, na kwa bahati mbaya yao yote mawili si kweli. Chukueni mfano wa kontena la futi 40. Urefu wake ni mita 12.19, ugaweni kwa 87 mpate milimita 140. Hiyo ni hesabu ya kugawanya, na kiunzi cha behewa la kulibeba lazima kiifuate. Plaiwudi inayouzwa kuwa ya milimita 3 mara nyingi si 3 kamili, na mwale wa leza huchoma sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Asiyepima ubao wake kabla ya kuchora atapata tundu linalocheza au ulimi usioingia. Baadaye kuna kisu cha kukata vijiti vinavyoshikilia vipande, msasa wa kuondoa ukingo mweusi ulioungua ili gundi ishike, na kuhakikisha pembe zimekaa mraba kabla gundi haijakauka. Mashine haifanyi hata moja kati ya hayo. Kijana wa Gredi ya 7 anayemudu rula anayaweza yote.

Hoja ya mafundi ndiyo nzito kuliko zote, na naikubali nusu: behewa halisi ni chuma, na ubao hauonekani kama chuma. Nyuzi za mbao hujitokeza chini ya rangi. Tena, ubao wa milimita 1 katika uwiano wa 1:160 ni ukuta wa sentimita 16, unene ambao behewa halina. Lakini dawa yake inajulikana: ubao ubaki kuwa mifupa ya ndani, kuta zivalishwe kadi nyembamba, nayo leza huikata vilevile. Wanaosema behewa hilo ni jepesi na litaacha njia wasome pendekezo la NMRA, chama cha waunzi wa Marekani: katika 1:87, wakia 1 pamoja na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 6 linahitaji wakia 4, kama gramu 113. Nati chache zikigandishwa chini ya sakafu, uzito huo umepatikana.

Kwamba mji wa Busia hauna reli si hoja. Malaba imo katika kaunti hiyohiyo.

Imebaki ile ya mwisho: reli ya zamani inakufa, Uganda inajenga SGR yake. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi kwa njia ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Nakubali kila neno. Ila ushahidi huo unanisaidia mimi. Njia mpya ikikamilika, mabehewa ya mita moja yatakatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na asiyekuwa amelipima behewa hatalipima tena. Walimu wa somo la ufundi wa sekondari msingi, ombeni ruhusa stesheni ya Malaba, mwende na wanafunzi na futi ya kupimia, mchore behewa moja mwaka huu.