Tairi Nalo Lina Maandishi: Tulisome Kabla ya Kulinunua

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nina macho mawili, na juu ya hayo nina miwani, tena ni mwalimu ambaye riziki yake yatokana na kuwafundisha watoto wa watu kusoma. Hata hivyo, niliwahi kununua matairi manne ya gari bila ya kusoma hata herufi moja iliyochapwa ubavuni mwayo. Adhabu ya uzembe huo sikuipata mimi. Aliipata mama yangu mzazi.

Gari lenyewe ni dogo, aina ya saluni, kuukuu lakini la kuaminika, nililolinunua kwa mkopo wa chama cha ushirika. Lilikuja na matairi ya kawaida yenye ubavu mrefu. Matairi hayo yalipokaribia kuota upara, nilishuka barabara ya Kirinyaga, jijini Nairobi, kutafuta mengine. Muuzaji mmoja, kijana mcheshi, alilitazama gari langu kwa huruma. "Mwalimu," akaniambia, "gari ni zuri, ila umelivisha viatu vya mzee." Akanionyesha rimu kubwa zenye kumetameta, zilizozungushiwa matairi ambayo ubavu wake ulikuwa mfupi kama ukanda wa suruali. Nafsi ikanighilibu. Nikatoa fedha nilizokuwa nimezidunduliza muhula mzima, nikaondoka nikiwa nimevimba kichwa. Wanafunzi wangu walipoliona gari Jumatatu asubuhi, walishangilia.

Wiki mbili baadaye, nilikwenda Machakos kumchukua mama ili nimpeleke kliniki ya mifupa jijini. Mgongo ulikuwa umemsumbua kwa muda mrefu. Safari yenyewe si ndefu, ni kilomita zipatazo sitini tu, lakini siku hiyo kila tuta na kila kiraka cha lami kilibisha hodi ndani ya gari kama nyundo ya mhunzi. Mama hakulalamika. Alishika kishikio kilicho juu ya mlango kwa mikono yake yote miwili, akafumba macho. Tulipofika Mlolongo, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hili ndilo gari lile lile? Lile la kwanza lilikuwa na huruma."

Mpenzi msomaji, maneno hayo yalinichoma kuliko karipio. Nilikuwa nimenunua fahari kwa maumivu ya mtu mwingine.

Nilipomrejesha nyumbani jioni hiyo, nilitenda kosa la pili. Nilisimama kando ya kituo cha petroli, nikapunguza upepo katika matairi yote manne nikidhani kuwa nitayalainisha. Fundi mmoja mzee aliyekuwa hapo akanikemea. Alinieleza kuwa tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka. Kule kujikunja huzaa joto, na joto likizidi huweza kulipasua tairi gari likiwa kwenye kasi. Nikaelewa kuwa nilikuwa nikijaribu kuutibu ujinga wangu kwa hatari. Upepo nikaurudisha papo hapo.

Ndipo nilipoamua kusoma. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba tairi la upepo lilibuniwa kwa ajili ya faraja hasa. Mskochi Robert William Thomson alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1845, lakini halikuenea. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alilibuni upya ili mwanawe asitikiswe mno na baiskeli yake ya magurudumu matatu yaliyokuwa magumu. Naam, baba alimhurumia mwanawe akayafunga magurudumu yale kwa mpira uliojaa hewa. Mimi, zaidi ya karne moja baadaye, nikamfungia mama yangu magurudumu yenye hewa haba kadiri ilivyowezekana, eti kwa sababu yanang'aa!

Hebu sasa tulisome tairi pamoja. Kwenye mlango wa dereva wa gari langu pana kibandiko kilichoandikwa 195/65 R15. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili si milimita bali ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita zipatazo 127. Herufi R ni ya muundo wa radiali, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Matairi niliyouziwa yalikuwa 205/50 R17. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kukokotoa kwamba ubavu wake ni milimita 102 na nusu. Kwa hivyo nilikuwa nimelipa fedha nyingi ili niondolewe karibu milimita 24 za mto wa hewa uliokuwa ukimkinga mama na barabara. Kwa nje, gurudumu zima lilibaki na kimo karibu kile kile. Chuma kiliongezeka na hewa ikapungua.

Ninavyoona mimi, hapo ndipo lilipo jibu la kwanza kwa yeyote anayetaka gari lake litulie. Rudi kwenye kipimo alichokipendekeza mtengenezaji wa gari. Iwapo gari hilo limeidhinishiwa vipimo viwili, chagua kile chenye rimu ndogo na ubavu mrefu. Usijitungie kipimo chako. Tairi kubwa kupita kiasi huweza kukwaruza mwili wa gari na kuifanya saa ya mwendo isome kasi ndogo kuliko ile halisi.

Jibu la pili limo katika nambari zinazofuata. Kwenye tairi langu halali pameandikwa 91H. Nambari 91 yamaanisha kuwa tairi moja laweza kubeba kilo 615, na H kuwa limeundwa kustahimili mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya mzigo uliopendekezwa. Lakini pia usipande bila sababu. Matairi yenye alama ya XL yameimarishwa yabebe mzigo mkubwa zaidi, na kwa kawaida ubavu wake ni mgumu zaidi. Yale yenye herufi C baada ya kipimo ni ya magari ya mizigo na matatu. Wapo madereva wa saluni wanaoyafunga haya ya C kwa kuwa hayachomwi upesi na miiba. Kweli yanadumu, ila gari tupu lenye matairi ya mzigo huruka kama punda aliyetuliwa shehena.

La tatu ni umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, na mwishoni mwake utaona tarakimu nne. Zikiwa 3224, tairi hilo liliundwa wiki ya 32 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala dukani. Joto, jua na hewa huufanya uwe mkavu na mgumu. Watengenezaji kadhaa, Michelin wakiwemo, hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatumika miaka mitano, na libadilishwe likifikisha umri wa miaka kumi hata kama meno yake yangali marefu. Tangu kiwanda cha Sameer Africa kilipoacha kuunda matairi jijini Nairobi mwaka 2016, matairi mapya tunayouziwa karibu yote yametoka ng'ambo, nayo huchukua muda baharini na ghalani. Sembuse yale ya mitumba! Tairi la mtumba laweza kung'arishwa kwa dawa likaonekana jipya, lakini tarakimu zile nne hazidanganyi.

La nne ni meno. Meno makubwa yaliyoachana, yaliyokusudiwa matope, hunguruma kwenye lami mpaka abiria wa nyuma asisikie aambiwalo. Mwenye kusafiri zaidi kwenye lami atafute meno madogo yaliyopangwa kwa karibu, yenye mifereji ya kutosha kuyaondoa maji ya mvua. Matairi yauzwayo katika Umoja wa Ulaya huwa na kibandiko kinachoonyesha kelele yake kwa desibeli, jinsi yanavyotumia mafuta, na jinsi yanavyoshika barabara iliyolowa. Ukikiona, kisome. Ila ujue kuwa hakuna kibandiko kinachopima ulaini. Hilo utalipata kwa kumuuliza mwenye gari kama lako anayetumia tairi hilo, na ikiwezekana kwa kuketi kiti chake cha nyuma.

La tano, ambalo halina gharama, ni upepo. Kibandiko cha mlangoni mwangu chasema PSI 32, yaani ratili 32 kwa kila inchi mraba. Watia-upepo wengi vituoni hawaulizi; hujaza hadi 40 wakidhani wamekufanyia hisani. Tairi lililovimba kupita kiasi huwa gumu, hudunda, na huliwa katikati. Lililopwaya huliwa kando. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, na ujaze kile alichoagiza mtengenezaji.

Walimu wenzangu wa fizikia na hisabati, je, hamwoni utajiri uliolala hapa? Gari la kilo 1,200 likisimama sawasawa juu ya magurudumu manne, kila gurudumu hubeba kilo 300, au nyutoni zipatazo 3,000. Shinikizo la PSI 32 ni karibu paskali 220,000. Mwanafunzi akigawanya, atapata kuwa kila tairi linaigusa barabara kwa eneo la sentimita mraba zipatazo 136 tu. Hiyo ni sehemu isiyofikia hata ukubwa wa postikadi! Roho za watu watano zimeshikwa na postikadi nne. Aidha, hewa ya tairi ikipata joto la nyuzi 10 za Selsiasi zaidi, shinikizo lake hupanda kwa takriban ratili moja na nusu. Hiyo ndiyo kanuni ya gesi ambayo vijana wetu huikariri usiku kucha wakiisahau siku ya pili ya mtihani. Wapelekeni nje, kwenye gari la mwalimu mkuu, na kipimo cha upepo mkononi. Hawataisahau.

Najua kuna wasomaji watakaonijibu kwamba haya ni mazungumzo ya wenye nacho. Watauliza: mwalimu mwenye karo ya watoto watatu atajali vipi ulaini wa gari? Swali ni la haki. Lakini zingatieni kuwa tairi la inchi 15 kwa kawaida ni rahisi kuliko la inchi 17, na ubavu mrefu huikinga rimu isipinde katika mashimo yetu. Katika mkasa wangu, ujinga ndio uliokuwa ghali. Maarifa yalinirudishia fedha, kwa kuwa niliziuza zile rimu zenye kumetameta nikanunua matairi manne mapya ya kipimo halali, na chenji ikabaki.

Haki pia yanitaka niseme kuwa tairi si dawa ya kila ugonjwa. Ikiwa springi zimechoka au shokomzoba zinavuja, hata tairi bora litatikisika. Magurudumu yasiposawazishwa kwa vile vipande vidogo vya risasi, usukani utatetemeka ukizidisha mwendo. Na tairi laini nalo lina bei yake: gari huinama kidogo zaidi kwenye kona. Mimi sishindani na mtu kwenye kona. Wala tusiisahau ile alama ndogo iliyo ndani ya mifereji ya tairi: meno yakishalingana nayo, yamebaki milimita 1.6 tu, na hapo hakuna tena mjadala wa starehe, tairi limekwisha.

Miezi mitatu baada ya safari ile ya aibu, mama alikuwa na miadi mingine na daktari. Tulipita barabara ile ile, tukavuka matuta yale yale. Sikumweleza lolote kuhusu magurudumu. Tulipokaribia Athi River nilimtazama, nikaona mikono yake imetulia pajani. Alikuwa amelala usingizi.

Ushauri wangu kwenu, walimu na wanafunzi, ni mfupi. Tumewafundisha watu kusoma magazeti, barua na vitabu vitakatifu. Tusikubali kushindwa na maandishi ya tairi. Kabla hujatoa shilingi yako, inama, pangusa vumbi, usome ubavu huo kwa sauti, kisha usome kibandiko cha mlangoni. Visipopatana, mshukuru muuzaji kwa ucheshi wake, ujiendee zako.