Kikopo cha bluu na chenji yako

Wadau, hebu nijibuni kwa ukweli. Wewe mwenye pumu, nani alikufundisha kutumia hiyo inhela? Siongelei kuandikiwa dawa. Naongelea mtu kukaa na wewe dakika tano, akuonyeshe, halafu akwambie "haya, fanya wewe nione."

Nimewauliza washkaji kadhaa hapa Dar, watu na digrii zao. Jibu ni moja: hakuna. Unakwenda duka la dawa, unapewa kikopo na chenji yako, basi. Wengine wanajipulizia mdomoni kama wanajipulizia manukato, dawa inaishia kwenye ulimi, kisha wanalalamika kwamba imechakachuliwa!

Kumbe ni hivi: tikisa kikopo, toa pumzi yote nje, kibane kwa midomo, anza kuvuta hewa taratibu na hapo hapo ubonyeze. Endelea kuvuta hadi mapafu yajae, kisha zuia pumzi kama sekunde 10. Mpulizo wa pili? Subiri kama nusu dakika, tikisa tena.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kile ambacho hatuambiwi kabisa. Kikopo cha bluu, yaani salbutamoli, kinalegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo hakiugusi, na uvimbe ndiyo pumu yenyewe. Unaoutibu ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, na kwa wengi ni ya kila siku, hata siku unayojisikia mzima (ukimaliza sukutua mdomo, la sivyo utapata utando mweupe). Mtu asiyeambiwa hilo ataiacha wiki ya pili, na mimi simlaumu. Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, lilisema wazi kwamba mtu mzima asitibiwe kwa kikopo cha bluu peke yake. Ukikihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Sasa nani anamwambia hayo dada wa Kariakoo anayetembea nacho kwenye pochi na kukivuta kutwa mara tano?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria pumu iliua watu 455,000 mwaka huo huo wa 2019, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu.

Najua, mtaniambia foleni hospitalini ni ndefu na dawa ya steroidi ni ghali. Kweli kabisa, na bei ni ugomvi mwingine. Ila kufundisha hakuhitaji mfadhili. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha, katika jarida la The Lancet, kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa vizuri kuzunguka inhela, inafanya kazi sawa na kile chombo cha kiwandani cha kuvutia dawa. Chupa ya maji jamani! Zimejaa kwenye mitaro yetu.

Kwa hiyo safari ijayo usiondoke dirishani. Mwambie mfamasia akuonyeshe, kisha vuta mbele yake akuangalie. Watu wa nyuma kwenye foleni watanuna. Waache wanune.