Mpini Uufuate Mkono

"Mchagua jembe si mkulima," husema wazee, na neno lao ni kweli. Lakini wazee hawakusema kwamba mkulima asikitengeneze chombo alicho nacho. Wako watu wengi ambao hulinoa panga lao kila asubuhi, na huku mpini wameuacha vile vile kama ulivyotoka dukani. Makali huyajali, mahali pa kushika hawapajali. Jioni viganja vimejaa malengelenge, nao hudhani kwamba hiyo ndiyo desturi ya kazi.

Jambo hili si la raha tu. Kiwanda hutengeneza mpini kwa ajili ya mikono ya watu wote, kwa hiyo ni shida uwe sawasawa na mkono wa mtu ye yote. Ukiwa na pembe kali, mkono huumia, na mtu hulegeza vidole ili kuyaepuka maumivu. Ukiwa mnene mno, vidole havifungi, na mtu hulazimika kukaza mkono mpaka unachoka. Kwa vyo vyote, jasho au umande ukizidi, panga huponyoka. Nalo likiponyoka halichagui: laweza kuukata mguu wa mwenyewe, au kumpiga mtoto anayekusanya majani karibu naye. Tena lengelenge lililopasuka, likiingia udongo, laweza kuleta pepopunda.

Dawa yake ni tupa ya mbao, msasa, na subira. Kwanza mpini upakwe masizi, kisha mwenye panga akate majani kwa dakika chache. Mahali masizi yalipofutika kabisa, na kiganja kinapouma, ndipo panapotaka tupa. Hapo makali yafungwe gunia imara, na panga libanwe lisicheze. Misumari inayoshika mbao za mpini itazamwe pia; ikiwa imelegea, igongwe kwanza ikaze.

Pembe ziondolewe kidogo kidogo, na mpini ujaribiwe mkononi mara kwa mara, kwa maana mbao iliyokwisha kuondolewa hairudi. Vichwa vya misumari visiliwe na tupa, kwani ndivyo vinavyozuia mbao zisibanduke. Umbo lililo jema ni la yai refu, wala si la mviringo kamili. Mpini wa mviringo huzunguka kiganjani, lakini ule wa yai huujulisha mkono makali yanaelekea wapi, hata pasipo kutazama. Unene watosha iwapo ncha za vidole hukaribia shina la kidole gumba, wala kucha hazichomi kiganja. Kinundu kilicho mwishoni mwa mpini kilainishwe tu, kisikatwe, kwa sababu ndicho kinachouzuia mkono usiteleze.

Baada ya msasa, mbao ipakwe mafuta ya kitani na kuachwa ikauke. Rangi ya kung'aa haifai, kwa kuwa huteleza mkono ukitoka jasho. Tambara lililolowa mafuta hayo litandazwe nje likauke. Likikunjwa na kutupwa pembeni laweza kupata joto lenyewe na kuwaka moto.

Limebaki swali moja: mpini upimwe kwa mkono wa nani? Katika nyumba nyingi baba ndiye anunuaye panga, naye hulijaribu kwa mkono wake. Lakini anayelishika kila siku, akikata majani ya ng'ombe na kuni za kupikia, mara nyingi ni mama, ambaye kiganja chake ni kidogo kuliko cha mumewe. Basi baba mwenye busara, kabla ya kushika tupa, amwite mkewe aushike mpini huo, na amwulize unamwumiza wapi. Na kama wote wawili hulitumia sana, heri yawe mapanga mawili, kila moja na mpini wake, kuliko moja linalomwumiza mmoja wao kila siku.